Sanduku Lililovikwa Godoro

Mota tatu zilikuwa zimepangwa mbele ya karakana ya Maurine Auma pale Burumba, zimefunguliwa matumbo, na Inspekta Everlyne Amuron alizizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe anayetafuta kilema kilichofichwa. Zote zilitoka Malaba, kwenye pampu ya mradi wa maji iliyo kando ya mto. Zilikuwa zimeungua moja baada ya nyingine tangu Pasaka, na kila moja iliungua ikiwa mikononi mwa mtu yule yule: Ochom, mwangalizi wa pampu, ambaye sasa alikuwa seli akingoja kufikishwa kortini kesho asubuhi kwa kosa la kuharibu mali ya umma.

Kesi ilikuwa imekaa vizuri mno, na Amuron hakuwahi kuipenda kesi inayokaa vizuri mno. Ufunguo wa nyumba ya pampu alikuwa nao Ochom peke yake. Mlalamikaji alikuwa mtu mzito, Injinia Austine Mulama, mkandarasi aliyefunga mitambo hiyo na kuleta kila mota mpya. Na wanakijiji, waliokuwa wamerudi kuchota maji ya mto pamoja na ng'ombe, hawakuona haja ya hakimu. Walikwisha kusema wazi kwamba Ochom akiachiliwa, nyumba yake itachomwa. Mkewe, Akiror, aliwapeleka watoto kwa mama yake, akabaki peke yake kulinda paa lake.

"Madam, hii kesi iliisha," alisema Konstebo Bwire, aliyekuwa akitafuta kivuli tangu washuke garini. "Shemeji ya huyu Ochom, yule Ekisa, anauza maji na mikokoteni. Pampu ikikufa, shemeji anakula. Maneno ni hayo tu."

"Ekisa huchota wapi hayo maji anayouza?"

Bwire akakuna kisogo. "Kwa kioski ya mradi."

"Kwa hivyo pampu ikifa?"

"Hata yeye anakaa tu."

"Nani achome ghala analokula, Bwire?"

Bwire akarudi kivulini. Maurine alitoka ndani akipangusa mikono. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na sauti ya kutosha soko zima, na diploma yake ya umeme alikuwa ameitundika ukutani juu ya mashine ya kusukia waya, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

"Afande, wenzako waliniambia niangalie kama mchanga iliingia ndani, ama maji. Nikaangalia, hakuna. Nikaandika hakuna. Hakuna mtu aliniuliza ingine."

"Mimi nakuuliza ingine."

"Haya sasa! Hiyo ndiyo kazi." Akachuchumaa kando ya mota ya kwanza. "Mota ikizidiwa na kazi inaungua yote, waya zinakuwa nyeusi kama sufuria ya matanga. Hii imeungua wapi?"

Amuron akainama. Waya za shaba zilikuwa zinang'aa karibu kote. Weusi ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye mizunguko ya kwanza, pale umeme unapoingilia.

"Na hizo mbili?"

"Hapo hapo. Zote tatu, mlangoni. Sasa niambie, mtu akitaka kuharibu mota si atapiga nyundo? Si atamwaga maji? Nani ataingiza mkono ndani achome mizunguko ya kwanza peke yake, aache zingine? Hata mimi siwezi, na mimi ndio mimi."

"Basi nini kinaweza?"

"Umeme wenyewe. Hiyo pampu iko na inverta, si ndio? Ile sanduku ya kupunguza na kuongeza mwendo ya mota?"

"Iko."

"Na iko mbali na mota?"

Hapo Amuron hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Huko kwao Malaba kitu cha watu wote hulazwa kanisani: mahema ya matanga, viti, masufuria makubwa, hata kipaza sauti cha baraza la chifu. Wezi wa shaba walipoanza kuzurura mtoni, kamati ya maji ilifanya kile ambacho kamati yoyote ya pale ingefanya. Inverta iling'olewa kwenye nyumba ya pampu ikapandishwa hadi stoo ya kanisa, juu kilimani, na waya mrefu ukafukiwa ardhini kutoka kanisani mpaka mtoni. Mwizi wa kuvunja stoo ile alikuwa bado hajazaliwa.

"Mbali sana," alisema. "Iko kanisani."

Maurine akapiga makofi. "Sikia basi. Inverta haitoi umeme laini. Inakatakata, ta-ta-ta-ta, haraka huwezi ona. Waya ikiwa fupi hakuna shida. Ikiwa ndefu, kila pigo inakimbia mpaka kwa mota, inagonga, inarudi, inakutana na ingine inakuja. Umewahi kufunga bomba ghafla ukasikia paipu inagonga ukuta? Ni hivyo. Pale mlangoni mwa mota umeme unaruka, unakuwa karibu mara mbili. Mizunguko ya kwanza ndio inakula hiyo kichapo kila siku, mpaka ngozi yake inapasuka."

"Mtu akipima?"

"Na hizi mita zetu? Itakuambia kila kitu iko sawa. Hayo mapigo ni ya haraka, mita haiwezi kuyashika."

"Na dawa yake?"

"Filta. Sanduku ya chuma, nzito, ndani ni koili. Unaifunga pale umeme unatokea kwa inverta, inalainisha mapigo kabla hayajaingia kwa waya ndefu. Ukihamisha inverta mbali hivyo bila filta, wewe unapanga matanga ya mota." Maurine akaitazama tena mota ya kwanza. "Lakini ilihamishwa lini?"

"Mwaka juzi."

"Na kuungua imeanza Pasaka ya mwaka huu tu? Hapana, afande. Basi filta ilikuwako."

Amuron alikuwa amefika hapo kabla yake. Tayari alikuwa anatafuta funguo za gari.

*

Katekista Emong aliwapokea mlangoni pa stoo ya kanisa. "Yoga," alisalimu, na Amuron akamjibu kwa Kiteso chao, akamuulizia mgongo wake na mahindi yake, kwa maana mzee yule haulizwi habari za polisi kabla ya habari za nyumbani. Kisha wakaingia.

Ndani mlinukia moshi wa masufuria ya matanga. Inverta ilikuwa ukutani, kitaa chake cha kijani kinawaka bila wasiwasi. Amuron hakuitazama. Alitazama chini yake, ambapo rangi ya ukuta ilikuwa safi, pembe nne zilizonyooka, na kwenye kila pembe tundu lililozibwa kwa sabuni ya kipande.

"Mzee, hapa palikuwa na nini?"

"Ile ya kuimba," alisema Emong.

"Ya kuimba?"

"Si ilikuwa inaimba mmmmm, asubuhi mpaka jioni. Kwaresima tukiwa kwa Njia ya Msalaba, inaimba na sisi, na haijui wimbo. Nikamwambia Injinia Mulama. Akasema hakuna shida, akaja akaitoa."

"Ulimwona akiitoa?"

"Mimi ndio nilimshikia tochi. Akaunga waya moja kwa moja, akaziba matundu na sabuni, wanaume wawili wakabeba sanduku mpaka kwa pikapu."

"Akasema anaipeleka wapi?"

"Kwa watu wa vyuma. Ati ni chakavu, haina kazi. Nikasema basi iache, tuiuze sisi tununue sufuria. Akakataa kabisa. Na alikuwa amekuja na godoro."

Amuron akageuka. "Godoro la nini?"

"La kuivika. Akaizungushia, akafunga na kamba, akawaambia wale watu waende polepole kwa matuta. Ungesema amebeba mgonjwa."

"Na haya yote, mzee, mbona hukuwaambia polisi?"

Katekista akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Wao waliuliza habari ya mtoni. Hii ni ya kanisani."

Hapo ndipo kesi nzima ilipopotelea, na Amuron alitamani kucheka. Mota inafia bondeni, ugonjwa wake uko kilimani, na kati yao hakuna aliyetembea isipokuwa Mulama. Alikwangua sabuni kwenye matundu, akachana karatasi ya mfuko wa simenti, akaibandika ukutani, akasugua kwa penseli hadi matundu yote manne yakatokea meupe kwenye weusi. Emong akatia sahihi pembeni kuwa ameshuhudia.

"Madam," alisema Bwire wakirudi garini, "nani anavika chakavu godoro?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza zuri tangu tuanze kesi hii."

*

Duka la Mulama lilikuwa barabarani Malaba, mkabala na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Injinia alikuwa mtu mnene mwenye kicheko chepesi na shati lisilo na kunyanzi hata moja. Alimpa Amuron kiti, akaagiza soda bila kuulizwa.

"Ile sanduku ya kanisani?" alisema. "Aah, madam, ile ilikuwa ya kelele tu. Wafadhili huleta vitu vingi. Nikaitupa kwa watu wa chuma chakavu."

"Haikuwa na kazi?"

"Kazi gani? Uzito tu."

"Nimesikia waya mrefu waweza kuua mota."

Mulama akacheka mpaka tumbo likatingishika. "Nani amekuambia hiyo? Fundi wa Burumba? Madam, waya ni waya. Umeme unatembea kutoka hapa mpaka Nairobi, sembuse kutoka kanisani mpaka mtoni! Mimi mwenyewe niko na mabwawa ya samaki nyumbani Butula. Inverta iko kwa nyumba, juu. Pampu iko huko chini kwa kijito. Ni mbali kuliko hiyo ya kanisa. Mota yangu imeungua? Hata siku moja. Unajua ni kwa nini?" Akaegemea mbele. "Kwa sababu sina Ochom."

Bwire akacheka. Amuron naye akacheka, tena kwa moyo wote, kwa kuwa mtu alikuwa amemkabidhi kesi mkononi pamoja na soda baridi.

"Injinia, umesema kweli," alisema. "Hebu nipeleke nikaione hiyo mota isiyoungua."

Kicheko cha Mulama kikakatika. "Leo? Leo niko na wateja."

"Wateja watangoja. Hata malori yale yanangoja."

Walipita Busia kwanza. Hakimu alisikiliza, akatazama karatasi ya simenti upande huu na upande ule, akatia sahihi kibali cha upekuzi. Burumba walimbeba Maurine na begi lake la vyombo. Njia nzima hadi Butula Mulama alikaa kiti cha nyuma, na kadiri walivyoingia ndani ya eneo la Marachi ndivyo shati lake lilivyozidi kulowa.

*

Mabwawa yalikuwa mazuri, Amuron hakumnyima hilo. Yalipangwa juu ya mgongo wa kilima, maji yanaingia kwa bomba nene kutoka bondeni, na majirani kadhaa waliokuwa wamekuja kununua samaki walisogea waone gari la polisi limeleta nini. "Mulembe," waliwasalimu, na hakuna aliyeondoka.

Inverta ilikuwa kwenye stoo nyuma ya nyumba. Kando yake, ukutani, lilikuwepo sanduku la chuma lililopakwa rangi ya kijani mbichi, nalo lilikuwa likiimba mmmmm.

"Hiyo ni ingine," Mulama alisema kabla hajaulizwa. "Niliinunua Kampala."

Amuron hakumjibu. Alikunjua karatasi ya simenti, akaishikilia kwenye miguu ya sanduku. Tundu la kwanza likakaa juu ya bolti. La pili likakaa. La tatu lilikuwa limetobolewa kombo kidogo huko kanisani, nalo kwenye mguu wa sanduku lilikuwa kombo vile vile. La nne halikuwa na haja ya kuangaliwa, lakini aliliangalia. Maurine akakwangua rangi ya kijani kwa ncha ya bisibisi, na chini yake ikatokea rangi ya kijivu na herufi za mradi wa maji wa Malaba.

Za mwizi ni arobaini, na Injinia alizihesabu zote kwa pumzi moja.

"Sawa," alisema, akijifuta uso. "Sawa, ni hiyo. Sikuipeleka kwa chakavu, nikaileta nyumbani. Hilo ni kosa, nakubali, nitairudisha. Lakini madam, kuchukua chakavu si kuchoma mota. Mota alichoma Ochom. Hii sanduku haina kazi, nilikuambia. Mimi sikujua ina kazi yoyote."

Hapo ndipo penyewe. Amuron alijua kwamba kuiba sanduku ni jambo moja, na kumtwika mtu mwingine mzigo wako ukijua ni jambo jingine. Kama Mulama hakujua filta inafanya nini, basi alikuwa mdokozi tu, na mwendesha mashtaka angeweza kusema kwamba mota bado ni za Ochom. Akapumua, kisha akaongea kwa upole kabisa.

"Haina kazi?"

"Haina."

"Na mota yako haiungui kwa sababu huna Ochom."

"Ndiyo hivyo."

"Basi haitakudhuru tukiichukua. Maurine, zima. Toa hilo sanduku, unga waya moja kwa moja kama alivyounga kanisani, kisha uwashe pampu. Tutakaa hapa. Bwire, tafuta viti. Iendeshe mwendo wote, leo, kesho, wiki nzima, mpaka ushahidi ukamilike."

Maurine alizima. Mlio ukafa, na ghafla watu wakasikia maji yakidondoka kwenye mabwawa. Alifungua nyaya, akazitoa kwenye sanduku moja moja, akaziunga kwenye ule waya mrefu wa kwenda kijitoni. Mulama aliitazama mikono ya fundi yote miwili ikifanya kazi. Maurine akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kijani.

"Usiwashe!"

Kidole kikabaki hewani.

"Usiwashe, dada, tafadhali! Hiyo waya ni ndefu! Itapasua mota yangu, samaki wote watakufa! Rudisha filta kwanza!"

Amuron alingoja hata Mulama mwenyewe aisikie sauti yake ilivyokuwa imetoka, ifike ukutani na kumrudia.

"Rudisha nini, Injinia?"

Mulama akatazama mlangoni, walipojaa wanunuzi wa samaki.

"Amesema filta," mama mmoja mwenye karai la samaki alisema kutoka mlangoni. "Sote tumesikia. Amesema waya ni ndefu."

"Bwire, umeandika?"

"Neno kwa neno, madam." Na Bwire, ambaye kwake asubuhi ile kesi ilikuwa imekwisha, alikuwa anatabasamu kama aliyeifungua mwenyewe.

"Austine Mulama," alisema Amuron, "ulijua. Ulijua siku ulipoitoa kwenye Kwaresima, ulijua mota ya kwanza ilipoungua, na ulijua ulipokuja kituoni kwangu kuandikisha jina la Ochom. Uliipenda mota yako, ukaipa dawa ya watu. Nakukamata kwa wizi wa mali ya umma, kuharibu mitambo na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Una haki ya kunyamaza, na ningekushauri uanze sasa."

Mulama akanyamaza. Maurine hakunyamaza hata kidogo. Alirudia habari nzima kwa wale wanunuzi wa samaki, tangu inverta mpaka mizunguko ya kwanza, na mara ya pili alijiweka yeye katikati zaidi. Amuron alimwachia. Alitoka nje, akampigia simu mkuu wa kituo cha Malaba, na alipomaliza kueleza akajikuta anacheka peke yake kando ya mabwawa ya mtu mwingine.

Ochom alitoka seli jua likiwa bado liko juu. Asubuhi yake kesi ilisomwa kortini Busia kama ilivyopangwa, ila jina lililosomwa lilikuwa jingine. Filta ilipigwa picha, ikaandikwa kuwa kielelezo, na hakimu akairuhusu irudishwe mahali pake, kwa kuwa alisema kielelezo kinachowapa watu maji hakiwezi kukaa stoo ya korti. Maurine akaifunga kanisani kwa mikono yake, akaweka mpira chini ya miguu yake ili isimsumbue katekista. Mojawapo ya zile mota alikuwa ameisuka upya, nayo ikashushwa mtoni.

Ochom akaiwasha. Alikaa nayo mpaka alipoisikia imetulia, kisha akapanda kilima hadi kwenye kioski, ambapo maji yalikuwa yamekwisha kufika na yanamwagika bure kwenye saruji. Kijiji kizima kilikuwa hapo na mitungi yake, lakini kimesimama mbali, upande ule wa barabara. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea. Walioapa kuchoma nyumba walikuwa wanatazama viatu vyao.

Amuron, aliyekuwa ameegemea gari, aliona wazi kwamba Ochom alikuwa na maneno mengi ya kusema na haki ya kuyasema yote. Mwangalizi wa pampu aliwatazama mmoja mmoja.

"Mnangoja nini?" alisema. "Maji ni yenu. Hata nyinyi mliosema mtanichomea nyumba, leteni mitungi."

Ndipo Akiror akatoka nyuma ya mumewe, akaweka mtungi wake mwenyewe chini ya bomba, wa kwanza kabisa, akajifunga leso kiunoni.

"Wataleta," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni. "Lakini hao wasimame nyuma ya laini."

Vicheko vikapasuka, vigelegele vikafuata, na watu wakavuka barabara kwa pamoja wakigongana mitungi. Na wale wa kiberiti, wanaume wazima, wakaenda wenyewe wakasimama nyuma.